Boksi la zawadi kwenda Ujerumani: andika bei ya kweli, huenda mpokeaji asidaiwe kitu

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Tukuyu. Binti yangu yuko Dresden, Ujerumani, anasomea uuguzi mwaka wa pili. Desemba hii anavishwa pete na kijana wa huko huko, na mimi sina uwezo wa kwenda. Nataka kumtumia boksi: vitenge 3, kikapu cha Iringa, asali kilo moja, kahawa ya Mbozi kilo 2, chai yetu ya Rungwe kilo moja, mchele wa Kyela kilo 5 na usipa kidogo, maana anaulilia. Wakwe watarajiwa nao nataka kuwatumia kitu cha heshima. Mwaka jana nilituma kahawa, chai na vitenge. Kwenye fomu niliandika neno moja tu, zawadi, na sehemu ya thamani nikaiacha wazi kwa sababu zawadi haina bei. Binti akaitwa forodha, akalipishwa euro ishirini na kitu, na yeye ni mwanafunzi. Jirani yangu, ambaye mwanawe yuko Uingereza, ananiambia safari hii niandike dola 5, nigawe vitu kwenye maboksi matatu niyatume siku moja, moja liende kwa jina la rafiki wa binti. Mwingine kaniambia nifue vitenge vionekane vya mtumba. Ni kweli inasaidia? Nifanyeje asidaiwe tena? Ndaga fijo."*

Mama, shikamoo, na hongera kwa pete ya binti. Nimesoma barua yako nikacheka kidogo, samahani, hasa hapo kwenye kufua vitenge. Nafanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Mbeya, miaka mingi nikiwa njia ya Tunduma na Kasumulu, na ushauri wa majirani kuhusu forodha nimeusikia wa kila rangi. Huo wa kufua ni mpya kwangu.

Kama nimekuelewa, unachotaka ni boksi lifike bila binti kutoa hela mfukoni, na unaamini njia ni kuficha thamani. Mimi nasema usifiche. Vitu vingi ulivyovitaja, kwa bei uliyovinunulia hapa kwetu, tayari viko ndani ya msamaha ambao Wajerumani wenyewe wameuweka kwa zawadi. Kilichomponza binti mwaka jana si kwamba ulitaja bei kubwa. Hukutaja bei yoyote, na ndani ulikuwa umeweka vitu viwili ambavyo kwa Wajerumani vina hesabu yake ya pekee. Nitavifikia.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Tumezoea kusema "ushuru" kwa kila hela inayodaiwa mpakani, lakini kwenye kifurushi kinachotoka nje kuna madai matatu tofauti. Kuna ushuru wa forodha, ambao unategemea ni kitu gani na kimetengenezwa wapi. Kuna kodi ya ongezeko la thamani, kama hii VAT yetu ya asilimia 18. Ujerumani ni asilimia 19, na vyakula vingi ni 7. Halafu kuna ada ya kampuni iliyoleta mzigo, kwa kazi ya kuupitisha forodha na kulipa kwa niaba ya mpokeaji. Hii ya tatu ndiyo watu huisahau, na kwenye boksi dogo mara nyingi inazidi kodi yenyewe. Binti akiambiwa euro ishirini na kitu, usidhani zote zimeingia serikalini.

Msamaha wenyewe ni huu. Nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu zawadi kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi iingie bila ushuru na bila VAT kama thamani ya vitu haizidi euro 45. Masharti ni kwamba mpokeaji hajalipia, vitu ni vya matumizi yake au ya nyumba yake, na vinatumwa mara moja moja. Mama anayetuma boksi la pete anaingia hapo vizuri kabisa. Anayetuma boksi lenye vikapu kumi kila mwezi haingii hata akiandika zawadi kwa wino mwekundu.

Euro 45 kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi laki moja na ishirini na tano hadi thelathini elfu. Piga hesabu kwa kiwango cha siku utakayokwenda posta. Na hapa ndipo jirani yako amepotea njia. Forodha inataka bei uliyolipa wewe, hapa. Haitaki bei ya duka la Dresden. Kitenge ulichonunua soko la Mwanjelwa kwa elfu ishirini thamani yake ni elfu ishirini, yaani euro 7 hivi. Kikapu cha milulu, yale majani ya kusukia, ulichonunua Iringa kwa elfu ishirini na tano ni chini ya euro 9, japo kule Ulaya kikapu kama hicho kwenye duka la mapambo kinauzwa bei ambayo hapa ungenunua vitano ukabakiwa na nauli ya basi. Sasa jumlisha nami: vitenge 3 elfu sitini, kikapu elfu ishirini na tano, asali elfu kumi na tano, kahawa nusu kilo elfu kumi na tano, chai pakiti ndogo elfu tatu. Laki moja na kumi na nane. Unazunguka euro 41 na ukweli wako wote mkononi. Hizo bei nimekisia mimi, wewe weka zako, lakini unaona mwenyewe hakuna cha kudanganyia.

Ila huo ukweli lazima uonekane, kwa sababu afisa aliyeko Frankfurt au Dresden hamjui muuza vitenge wa Mwanjelwa. Anachokiona ni boksi la kilo kadhaa, karatasi iliyobandikwa juu, na kama karatasi ina pengo, analijaza yeye. Atafungua, ataona kitenge, atatafuta kwenye intaneti kitenge kinachofanana, na bei atakayoikuta ni ya duka la kwao. Ndivyo mwaka jana ulivyofika hapo ulipofika. Ulipoacha wazi ukidhani zawadi haina bei, ulimpa kalamu mtu asiyejua bei za Tukuyu. Dola 5 ya jirani inafanya kosa lile lile kwa mlango mwingine: boksi la kilo nne lililoandikwa dola 5 linajitangaza lenyewe. Hakuna anayelipa nauli ya posta ya kilo nne kwa kitu cha dola 5.

Kuna hasara nyingine mbili katika kuandika uongo. Boksi likipotea njiani, fidia haizidi thamani uliyoitaja, kwa hiyo utalipwa dola zako 5 na kusindikizwa na pole. Na uongo ukigundulika, anayeitwa kujibu si wewe wa Tukuyu. Ni mpokeaji, kwa sababu kwa sheria yao yeye ndiye anayeingiza mzigo nchini. Binti yuko huko kwa kibali cha kusoma. Sioni sababu jina lake lihusishwe na tamko la uongo kwa ajili ya euro sita au saba.

Nimetaja sita au saba kwa makusudi. Ngoja nikuonyeshe kodi inavyokuwa ukizidisha kiwango lakini ukaandika ukweli, maana watu huogopa wakidhani ukivuka euro 45 unalipishwa boksi zima. Si hivyo. Boksi likiwa na vitu kadhaa, vile vinavyotosha ndani ya euro 45 vinasamehewa, na vilivyobaki ndivyo vinavyolipiwa. Kitu kimoja hakikatwi vipande: ukituma gauni moja la kudarizi la euro 80, linalipiwa lote. Kwa zawadi zinazozidi hapo, hadi thamani ya euro 700, Wajerumani wana kiwango cha jumla cha asilimia 17.5 kinachojumuisha ushuru na VAT pamoja, na kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanazozipa unafuu ni asilimia 15. Kwa hiyo boksi la vitu vidogo vidogo vya euro 80: 45 zimesamehewa, zimebaki 35, asilimia 17.5 yake ni euro 6 na senti. Nauli nayo inaweza kuingizwa kwenye hesabu, kisha ongeza ada ya msafirishaji. Inauma, lakini si ya kumfanya mtu aloweke vitenge.

Huo unafuu wa asili unatugusa moja kwa moja. Tanzania iko kwenye kundi la nchi ambazo tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya unazipokelea karibu bidhaa zote, isipokuwa silaha, bila ushuru wa forodha. Na kwa kifurushi cha mtu kwenda kwa mtu kisichozidi euro 500, hawadai cheti rasmi cha asili. Tamko kwenye fomu linatosha kama hakuna sababu ya kulitilia shaka. Kwa hiyo kwenye fomu, penye nchi ya asili, andika Tanzania kwa kikapu, asali, kahawa na chai. Vitenge vikague kwanza. Geuza pindo usome: vingi tunavyovaa kwa fahari zote, hata kwenye mazishi ya machifu, vimechapwa China au India. Kama ndivyo, andika hivyo. Chini ya euro 45 haikupunguzii wala kukuongezea kitu, lakini fomu yenye kosa moja dogo humfanya mtu asome mistari mingine kwa jicho jingine.

Sasa vile vitu viwili: kahawa na chai. Ndani ya msamaha wa zawadi, Ujerumani inahesabu kahawa mwisho gramu 500 na chai mwisho gramu 100. Gramu mia, mama, ile pakiti ndogo kabisa. Pombe, sigara na manukato navyo vina viwango vyake, lakini hivyo hujavitaja na posta hawapendi chupa. Ukizidisha kahawa, inatoka kwenye msamaha hata kama boksi zima lina thamani ya euro 30, na juu ya hapo Wajerumani wana kodi yao maalumu ya kahawa, euro 2.19 kwa kila kilo ya iliyokaangwa. Mwaka jana, kama ulituma kilo mbili za kahawa na kilo ya chai kama unavyotaka kutuma sasa, basi hata ungeandika bei kwa dhahabu binti angedaiwa tu. Najua inachekesha: mama wa Rungwe, anayeamka anaona mashamba ya chai, haruhusiwi kumpa mwanawe zaidi ya gramu mia bila kodi. Lakini ndiyo hesabu. Weka nusu kilo ya kahawa na gramu mia za chai, na nyingine mnywe nyumbani mkimkumbuka.

Asali inaruhusiwa kwa matumizi binafsi, mwisho kilo 2, kwa hiyo kilo yako moja haina tatizo kisheria. Tatizo lake ni chupa. Miaka ya nyuma nilimtumia shemeji yangu asali, nikaimimina kwenye chupa ya maji iliyotumika, nikaviringishia kitenge juu nikijiona fundi. Ilipofika, kifuniko kilikuwa kimeachia, na kitenge kilikuwa kigumu kama ngozi ya ngoma. Shemeji alikiloweka siku mbili. Tangu hapo natumia kopo la plastiki la mdomo mpana lenye kifuniko cha kukaza, nabana kifuniko kwa gundi ya utepe kuzunguka, naacha nafasi ya vidole viwili juu kwa sababu asali hutanuka kwenye joto, naingiza kwenye mifuko miwili ya nailoni kila mmoja umefungwa peke yake, halafu nalisimamisha katikati ya boksi lisiguse ukuta wowote. Kitenge kikae mbali.

Usipa mkavu unapita. Samaki waliokaushwa vizuri kwa matumizi ya mtu mwenyewe hawana kizuizi kikubwa, na kiwango chao ni kikubwa kuliko utakachowahi kutuma. Kausha haswa, funga mara tatu, na umkumbuke postamasta atakayekaa na boksi hilo chumba kimoja. Nyama na vitu vya maziwa ni mwiko kabisa: nyama iliyobanikwa, samli, jibini, usijaribu hata kidogo, vinachomwa. Na usichomeke dawa, iwe vidonge au unga wa mizizi wa bibi wa kuondoa uchovu. Mtu binafsi Ujerumani haruhusiwi kupokea dawa kwa posta kutoka nje ya Ulaya, na boksi zima linaweza kukwama kwa ajili ya kipakiti kimoja.

Mimea mibichi ina sheria yake. Tangu Desemba 2019, matunda, mboga na mbegu kuingia Umoja wa Ulaya kunahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Matunda yaliyoachwa huru ni matano tu: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Kwa hiyo parachichi la Rungwe linahitaji cheti, lakini mkungu wa ndizi za Tukuyu hauhitaji. Usinielewe vibaya, sikushauri utume mkungu. Utafika umeshakuwa mbege.

Mchele wa Kyela. Mama, hapa nakusemesha kama mwanao. Mchele kilo 5 hautakuponza kwa ushuru, utakuponza kwa nauli. Posta na EMS, huduma yao ya haraka, wanapima kilo, na kilo 5 za mchele kwenda Ulaya zitakugharimu nauli inayozidi bei ya mchele wenyewe. Kama lazima aonje nyumbani siku ya pete, weka kilo moja kwenye mfuko mdogo. Nyingine asubiri akija likizo.

Kuhusu maboksi matatu ya siku moja: hapo jirani ameunganisha jambo la kweli na uongo. Msamaha unahesabiwa kwa kila shehena, kwa hiyo maboksi mawili kwa watu wawili tofauti ni zawadi mbili halali. Lakini boksi linaloandikwa jina la rafiki wa binti wakati vitu ni vya binti, hiyo ni hila, na maboksi matatu kwa mtu mmoja siku moja yanaweza kuhesabiwa kama mzigo mmoja uliokatwa. Zawadi ya wakwe ndiyo unayoweza kuitenga kwa haki kabisa. Usiiweke kwenye boksi la binti, maana hapo inamlia euro zake 45. Watumie boksi lao, kwa jina lao na anwani yao wenyewe. Na kusema kweli itakuwa na heshima zaidi: wazee wa Kijerumani kupokea mlangoni kwao boksi lililotoka Tukuyu, limeandikwa majina yao kwa mkono wa mama mkwe wa mtoto wao, ni tofauti na kuletewa mfuko na mchumba wa mtoto.

Jirani yako anazungumzia Uingereza, na Uingereza ina utaratibu mwingine, ndiyo maana ushauri wake kwako haukai sawa. Kule msamaha wa zawadi ni pauni 39, na boksi moja linaweza kubeba zawadi za watu kadhaa, kila mmoja akapewa pauni 39 zake, mradi kila zawadi imefungwa peke yake, ina kikaratasi cha jina, na imetajwa peke yake kwenye tamko. Ujerumani haifanyi hivyo. Kuanzia pauni 39 hadi 135 Waingereza wanadai VAT tu, asilimia 20, bila ushuru. Marekani, kwa wasomaji wengine wenye ndugu huko, mambo yalibadilika Agosti 29, 2025: ule msamaha mpana wa dola 800 ulisitishwa, lakini zawadi halisi ya mtu kwa mtu isiyozidi dola 100 iliachwa. Usichukue sheria ya nchi moja ukaipeleka nyingine.

Na vitenge vya kufua? Kitu kilichotumika nacho kina thamani, ni ndogo tu. Kitenge kipya kilichofuliwa ili kifanane na mtumba ni kitenge kipya kilicholowa. Kipeleke kikiwa na gamu yake, kinanukia dukani. Binti atafurahi zaidi.

Sasa fomu, kwa sababu hapo ndipo pesa inapookolewa. Posta watakupa CN22 kwa kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 na chenye thamani ndogo, au CN23 kwa boksi kama lako. Ukiipata usiijaze umesimama dirishani huku watu wamepanga foleni nyuma yako. Ichukue, ukae. Iandike kwa Kiingereza. Kama lugha inakusumbua, mtafute kijana aliyemaliza sekondari akusaidie, lakini maneno yawe yako. Usiandike neno zawadi kama maelezo ya kitu. Zawadi ni sanduku la kutiki pembeni. Kwenye maelezo, kila kitu mstari wake: vitambaa vya pamba vilivyochapwa, vipande vitatu, uzito gramu kadhaa, thamani kiasi fulani, kikapu cha kusukwa kwa majani, kimoja, asali, kopo moja, kilo moja, kahawa iliyokaangwa, gramu 500, chai nyeusi, gramu 100. Kuna sehemu ya namba ya bidhaa ya tarakimu sita, na siku hizi kwa mizigo ya Ulaya taarifa hizi hutumwa kwa kompyuta kabla ndege haijaruka, kwa hiyo usiiache wazi. Asali ni 040900. Kahawa iliyokaangwa isiyotolewa kafeini ni 090121. Kikapu cha milulu ni 460219. Chai na vitenge muulize karani akuangalizie, kwa sababu chai inategemea ukubwa wa pakiti na kitambaa kinategemea uzito na ufumaji. Andika sarafu kando ya kila thamani. Nimeona mtu ameandika 60,000 bila kusema ni shilingi. Kule wakasoma euro.

Risiti. Najua muuza vikapu hana mashine ya risiti. Mwombe akuandikie kwenye karatasi ya daftari: kikapu kimoja, bei, tarehe, jina lake, sahihi. Karatasi hiyo nakala yake iingie ndani ya boksi juu kabisa, na picha yake mtumie binti kwa simu. Kikapu ukikisuka mwenyewe, andika bei ambayo ungekiuzia sokoni, ndiyo thamani yake. Kisha piga picha fomu iliyojazwa na vitu vilivyopangwa kabla hujafunga boksi, umtumie pia.

Picha hizo zina kazi. Forodha ikiwa na shaka, binti atapata barua kwamba mzigo umezuiliwa ofisi ya forodha ya karibu, na ina siku za mwisho. Asiikalie, maana zikipita boksi linarudi kwako au linatupwa. Aende na kitambulisho, picha za risiti, na ujumbe wa simu kati yenu unaoonyesha kwamba ni zawadi ya pete, hajalipia. Mara nyingi mazungumzo huishia pale kaunta. Akishatozwa na akaona hesabu si sahihi, anaweza kuweka pingamizi kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja tangu apewe hati ya kodi. Mwaka jana muda umeshapita, hiyo tuiachie.

Kama kuna mtu unayemwamini anayesafiri kwenda Ujerumani kwa ndege, huyo ana msamaha wake wa abiria wa euro 430, mkubwa kuliko wa posta, na hapo mchele hata kilo mbili unaingia. Lakini afunge begi mwenyewe na ajue kila kilichomo. Kampuni za kusafirisha vifurushi haraka ni salama na zinafuatilika, baadhi zinakuruhusu mtumaji ulipe kodi na ada mapema ili mpokeaji asidaiwe kitu mlangoni. Kwa boksi la laki moja na ishirini sioni faida, nauli yake itakuzidi. Ningekuwa wewe ningetumia posta ya kawaida yenye namba ya kufuatilia, mapema, Oktoba mwishoni au Novemba mwanzoni. Desemba kule mizigo inajaa hadi kwenye korido.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa kusoma jibu langu. Ukiona unataka kuongeza kitu cha ngozi isiyotengenezwa, pembe, kombe, ganda la kasa au manyoya, simama. Usikitume kabla hujakwenda ofisi ya maliasili, kwa sababu hapo si suala la kodi tena, ni la kesi. Kinyago cha mpingo kilichokamilika, chini ya kilo 10, kwa kawaida kinapita, lakini kipeleke kionwe. Ukitaka cheti cha mimea, TPHPA wana maofisa wao mipakani Tunduma na Kasumulu, nenda na sampuli mkononi. Na siku binti akikwambia wenzake wa chuoni wamevipenda vikapu na wanataka kununua ishirini, hiyo imeacha kuwa zawadi. Njoo Mbeya, tafuta wakala yeyote mwenye leseni au uingie ofisi ya forodha ya TRA uulize utaratibu wa kusafirisha bidhaa. Kwa asili ya Tanzania na ule unafuu niliokueleza, hesabu yake inaweza kukufurahisha.

Kwa sasa anza na mizani. Weka kila kitu kwenye boksi bila kulifunga, kapime Tukuyu posta uone nauli, ndipo uamue mchele unabaki au unakwenda.